Umeambiwa usile. Je, umeambiwa upumzike? Kazi nzito kabla ya kipimo cha PET huweza kuwapotosha madaktari

Wiki hii safu yetu ya Afya na Usafi inajibu swali lililoletwa na msomaji wetu mmoja, swali ambalo tumeona lina faida kwa nyumba nyingi za Waislamu, hasa zile zenye mgonjwa wa saratani anayetarajiwa kwenda kupimwa nje ya mji au nje ya nchi.

Msomaji huyo anaeleza kuwa mama yao, mwenye umri wa miaka 58, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi. Baada ya matibabu daktari wake akashauri afanyiwe kipimo kinachoitwa PET ili ionekane kama kuna ugonjwa uliobaki. Watoto wakachanga, ndugu wakaongezea, na waumini wa msikiti wa mtaani kwao nao wakatia mkono. Mama akasafiri. Aliambiwa asile chochote tangu usiku, naye akatii kama alivyoambiwa.

Majibu yalipotoka yakawa mazito. Karatasi ilisema kuwa mabega yote mawili, mikono na sehemu ya mgongo "vimewaka". Habari zilipofika nyumbani, baadhi ya ndugu walianza kulia wakiamini saratani imetapakaa mwili mzima. Mmoja wao akafikia kusema kwamba hakuna haja ya kuendelea kutumia fedha, mama arudishwe nyumbani apumzike tu.

Daktari aliyekuwa akimtibu mama hapa nyumbani ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza. Je, mama alifanya kazi gani siku moja kabla ya kipimo? Ikabainika kuwa siku hiyo ilikuwa ni siku ya shughuli ya ndoa ya mjukuu wake. Tangu asubuhi alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi, akainuka hapo akashika mchi. Jioni akaondoka kwenye shughuli, akabeba mabegi yake mwenyewe, akasafiri usiku, na asubuhi akaingia kwenye kipimo. Swali la msomaji wetu ni hili: Inawezekanaje kukuna nazi kuonekane kama saratani?

Jibu ni kwamba inawezekana, na wataalamu wa vipimo hivi wanalijua jambo hili vizuri. Tatizo ni kwamba katika maelekezo anayopewa mgonjwa, neno "usile" husikika na kushikwa, lakini neno "pumzika" ama halisemwi kwa mkazo, ama linasemwa na mgonjwa halioni kuwa ni jambo kubwa.

KIPIMO HIKI KINAANGALIA NINI?

Picha ya eksirei ya kawaida inaonyesha umbo: mfupa umevunjika au haukuvunjika, kuna uvimbe au hakuna. Kipimo cha PET kinaonyesha kazi. Kinaonyesha ni sehemu gani ya mwili inayotumia sukari kwa wingi wakati ule mgonjwa anapopimwa.

Mgonjwa hudungwa sindano ya mshipa yenye dawa iitwayo FDG. Dawa hii ni ndugu wa glukosi, ile sukari ambayo mwili huitumia kama mafuta ya kuendeshea kazi zake, isipokuwa imefungwa chembe yenye mionzi iitwayo florini-18. Seli za mwili haziwezi kuitofautisha na sukari ya kawaida, hivyo huifungulia mlango na kuiingiza ndani. Ikishaingia, seli huanza kuishughulikia, lakini kwa sababu umbo lake si sawasawa na la sukari halisi, kazi inakwama katikati na dawa inabaki imenaswa humo ndani. Mashine yenye umbo la pete kubwa hupokea miale inayotoka mwilini na kuchora ramani. Mahali palipokusanya dawa nyingi ndipo panapoonekana pamewaka.

Saratani nyingi zina uchu mkubwa wa sukari. Jambo hili liligunduliwa katika miaka ya 1920 na mwanasayansi wa Ujerumani, Otto Warburg, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1931 kwa kazi zake kuhusu namna seli zinavyopumua. Lakini ilichukua miaka mingi kabla elimu hiyo haijageuzwa kuwa kipimo. Mwezi Agosti mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, watu wawili wenye afya njema waliojitolea walidungwa FDG kwa mara ya kwanza. Mmoja wa madaktari walioongoza kazi ile alikuwa Abass Alavi, mzaliwa wa Iran. Dawa yenyewe ilitengenezwa katika maabara ya Brookhaven, New York, ikasafirishwa kwa ndege hadi Philadelphia kwa haraka, kwa sababu nguvu ya florini-18 hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110.

Tangu miaka ya 2000 mashine ya PET imeunganishwa na ile ya CT, hivyo daktari huona kazi na umbo katika picha moja. Katika eneo letu, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi ilianza kutoa huduma hii mwaka 2018, ikiwa na mtambo wake wa kutengenezea dawa hiyo. Wagonjwa wengine kutoka Afrika Mashariki wamekuwa wakiifuata India. Iwe karibu au mbali, ni kipimo cha gharama kubwa, na aghalabu fedha zake ni za kuchanga. Kwa hiyo kukiharibu kwa kutojua ni hasara ya watu wengi.

KWA NINI MISULI INAINGILIA?

Saratani si peke yake inayopenda sukari. Ubongo hutumia sukari saa zote, na kwenye picha huonekana umewaka bila ya kuwa na ugonjwa wowote. Moyo nao mara nyingine huonekana hivyo. Misuli yetu, ile ya mikono, miguu, mgongo na shingo, ni walaji wakubwa pia, lakini wao hula kwa zamu.

Misuli ikiwa imetulia, na mtu akiwa hajala, huchukua sukari kidogo tu. Milango mingi ya kuingizia sukari inakuwa imevutwa ndani ya seli, kama duka lililofunga mbao zake. Kuna funguo mbili za kuifungua milango hiyo.

Ufunguo wa kwanza ni insulini, homoni inayomwagwa na kongosho mtu anapokula. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa akae bila kula kwa muda usiopungua saa 4, na hospitali nyingi hutaka saa 6. Mtu akila chapati na chai ya sukari kisha akadungwa FDG, insulini huifungulia misuli yote milango na dawa ikakimbilia huko.

Ufunguo wa pili ni kazi. Msuli unapojikunja na kujikunjua kwa nguvu, milango ile ile hufunguka hata kama hakuna insulini. Na kazi ikiisha, milango haifungwi hapo hapo. Msuli umemaliza akiba yake ya sukari na sasa unataka kujaza ghala. Huendelea kuvuta sukari kwa saa nyingi, na baada ya kazi nzito huweza kuendelea hata siku ya pili. Mtu mwenyewe anajiona amepumzika, amelala usiku mzima, lakini misuli yake bado iko kwenye mavuno.

Sasa tumrudie mama yetu. Ufunguo wa kwanza aliufunga vizuri kwa kufunga tumbo. Ufunguo wa pili ukabaki wazi, kwa sababu mikono na mabega yaliyokuna nazi na kutwanga kutwa nzima yalikuwa bado yanajaza ghala pale alipodungwa sindano. Picha haikusema uongo. Ilionyesha kweli mahali sukari ilikokwenda. Aliyekosekana ni mtu wa kueleza kwa nini imekwenda huko.

MADHARA MAWILI, LA PILI NI KUBWA ZAIDI

Dhara la kwanza ni kuogopa kisichokuwepo, kama ilivyotokea kwa familia hii. Hapa inafaa msomaji ajue kuwa ni nadra kwa saratani kuhamia kwenye misuli. Daktari mzoefu akiona misuli ya kulia na kushoto imewaka kwa usawa, kufuata umbo lake toka mwanzo hadi mwisho, huelewa kuwa hiyo ni kazi na siyo ugonjwa. Lakini si mara zote inakuwa hivyo. Mtu aliyebeba begi zito kwa bega moja, au anayetembelea gongo moja, huweza kuwaka upande mmoja tu, na hapo mashaka huingia. Mashaka hayo huweza kumletea mgonjwa vipimo vingine, au kukatwa kinyama bila sababu.

Dhara la pili ni kutokiona kilichopo, na hili ndilo la kuhofiwa zaidi. Dawa inayodungwa ni kiasi maalumu. Misuli mingi ikijichukulia fungu kubwa, kinachobaki kwa ajili ya uvimbe kinapungua, na uvimbe mdogo huweza kuonekana umefifia kuliko ulivyo. Tena kuna suala la mahali. Saratani ya titi hupenda kwenda kwanza kwenye matezi ya kwapani, na kwapa limezungukwa na misuli ya kifua, bega na mgongo. Misuli hiyo ikiwaka yote, tezi moja dogo lenye ugonjwa hujificha katikati yake kama mshumaa uliowekwa mbele ya taa ya gari. Hali ni hiyo hiyo kwa matezi ya shingoni.

Kuna na mgonjwa anayepimwa mara mbili, kabla ya matibabu na baada yake, ili ilinganishwe kama dawa inafanya kazi. Iwapo mara ya kwanza alikuwa amepumzika na mara ya pili amechoka, uvimbe huweza kuonekana umepungua uchu wa sukari kumbe misuli ndiyo iliyomnyang'anya. Kwa hiyo maandalizi ya mara ya pili yanatakiwa yafanane na ya mara ya kwanza.

KAZI NZITO NI IPI KATIKA NYUMBA ZETU?

Karatasi nyingi za hospitali huandika "usifanye mazoezi kwa saa 24". Mama wa nyumbani akisomewa hivyo hujibu kwa uaminifu kabisa kwamba yeye hafanyi mazoezi, kwa sababu neno mazoezi kwake ni kukimbia uwanjani na kucheza mpira. Lakini msuli haujui tofauti ya uwanja na jikoni. Kwa nyumba zetu, maneno hayo yatafsiriwe hivi. Kwa muda usiopungua saa 24 kabla ya kipimo, na ikiwezekana siku mbili, mgonjwa asifanye haya:

Asitwange, asikune nazi kwa mbuzi, asisonge ugali wa sufuria kubwa wala asikande unga mwingi.

Asifue kwa mikono nguo za familia, asipige deki nyumba nzima, asichote maji wala kubeba ndoo.

Asilime, asipasue kuni, asiendeshe baiskeli, asisukume mkokoteni.

Asibebe mtoto mgongoni, asibebe mizigo ya safari, asipande ngazi nyingi wala kutembea mwendo mrefu au wa haraka.

Vijana wanaocheza mpira au kunyanyua vyuma wajizuie siku hizo. Na wale wenye kikohozi kikali au pumu wamweleze daktari mapema, kwa sababu misuli ya mbavu inayohangaika kuvuta pumzi nayo huwaka.

Kazi ndogo hazina tatizo. Kutembea ndani ya nyumba, kuoga, kutawadha, kuchambua mchele umekaa, yote hayo ni sawa.

SWALA NA SAUMU

Wengine wamekuwa wakiuliza juu ya swala. Swala tano si kazi nzito kwa mtu aliyezizoea na hakuna sababu ya kitabibu ya kumfanya mgonjwa aiache hata moja. Lakini kama msikiti uko mbali na huenda kwa miguu, au kuna mlima na ngazi, basi siku hiyo aswali nyumbani. Visimamo virefu vya usiku siku ya kuamkia kipimo avipunguze. Mgonjwa aliye dhaifu anayo ruhusa inayojulikana ya kuswali ameketi.

Siku yenyewe ya kipimo, aulize ratiba mapema ili aswali kabla ya kudungwa sindano, kwani baada ya sindano hutakiwa kutulia kwa muda wa kama saa moja na kisha kulala kwenye mashine. Iwapo anaona wakati wa swala utamkutia humo, amuulize shekhe wake kabla ya safari, asisubiri mpaka yuko kitandani.

Kuhusu Ramadhani, kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni maji. Hospitali humtaka mgonjwa anywe maji ya kutosha, yasiyo na sukari, ili dawa isiyotumika itoke kwa mkojo na picha iwe safi. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na asiione ruhusa hiyo kuwa ni upungufu wa imani. La pili ni daku. Mtu aliyepangiwa kipimo saa 2 asubuhi, akala daku saa 10 alfajiri, atafika hospitali akiwa na saa 4 tu tangu kula, na huenda insulini haijatulia. Siku hiyo aiache daku kabisa na afuate maelekezo ya hospitali.

SAA MOJA YA KIMYA

Baada ya sindano, mgonjwa huwekwa mahali patulivu kwa dakika kama 60 ili dawa isambae. Katika saa hii kila msuli unaofanya kazi unajiandikisha kwenye picha. Anayetafuna, taya zake huwaka. Anayeongea, misuli ya koo na sauti huwaka. Mwenye hofu aliyekaza shingo na mabega, navyo huwaka.

Kwa hiyo simu izimwe na mazungumzo yaachwe. Ubani na bazoka visitafunwe. Mswaki wa mti, ambao wengi wetu hatuachani nao, utumiwe kabla ya sindano na usitafunwe tena mpaka kipimo kiishe. Mwenye kupenda kusoma Qur'ani kwa sauti au kuleta adhkari kwa ulimi, saa hii alete moyoni. Hilo humtuliza, na shingo na mabega yake yatalegea.

Jambo jingine ni baridi. Mtu akisikia baridi hutetemeka, na kutetemeka ni kazi ya misuli. Aidha tunayo aina ya mafuta yenye rangi ya kahawia, hasa shingoni na juu ya mitulinga, ambayo kazi yake ni kuchoma sukari ili kuleta joto. Yakiwaka, huziba matezi ya shingo. Vyumba vya hospitali hizi huwa na viyoyozi vikali, hivyo mgonjwa aende na shali au blanketi jepesi na soksi. Kina mama wavae nguo za stara zisizo na zipu wala vifungo vya chuma, na badala ya pini za hijabu watumie mtandio wa kufunga. Wanayo haki ya kuomba wahudumiwe na muuguzi wa kike, na ni vizuri kuomba hilo wakati wa kupanga miadi.

WENYE KISUKARI WAWE MAKINI ZAIDI

Kabla ya sindano hupimwa sukari ya damu. Hospitali nyingi hutaka iwe chini ya 11 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, kwa sababu sukari nyingi ya damu hushindana na dawa. Hapo ndipo wenye kisukari hufanya kosa moja la nia njema. Baadhi yao wamefundishwa kuwa kutembea kwa kasi hushusha sukari, jambo ambalo ni kweli, basi asubuhi ya kipimo huzunguka uwanja ili wakute sukari iko chini. Sukari itashuka, lakini imekwenda wapi? Imekwenda kwenye misuli, na FDG itaifuata huko huko.

Mwingine hujidunga insulini ya haraka akiwa njiani. Hiyo nayo hufungua milango ya misuli, na ndiyo maana wataalamu hutaka zipite saa zisizopungua 4 kati ya insulini hiyo na sindano ya kipimo. Vidonge vya metformini huweza kuyafanya matumbo yawake, na baadhi ya madaktari huvisimamisha kwa siku mbili. Lakini tunasisitiza kwamba mgonjwa asiache wala kubadili dawa kwa kusoma gazeti. Amweleze daktari wake tangu siku ya kupanga miadi, naye atampa utaratibu.

KAZI YA NDUGU ANAYEMSINDIKIZA

Wazee wetu wana adabu ya kutopenda kuonekana wavivu. Mama atakuambia amepumzika, kumbe alfajiri amefua. Baba atasema hakubeba kitu, kumbe amebeba ndoo mbili za maji kwa ajili ya udhu wa watu wa nyumbani. Kwa hiyo anayemsindikiza asitegemee kuuliza tu, bali aipange siku. Kama kuna shughuli ya ndoa, hitima au maulidi nyumbani, mgonjwa apelekwe kulala kwa ndugu mwingine. Mkisafiri, fikeni siku moja au mbili kabla. Mizigo yote beba wewe. Hospitali ikiwa na korido ndefu, omba kiti cha magurudumu bila ya kuona haya.

Kisha andika kwenye karatasi yale aliyoyafanya kwa siku mbili zilizopita, muda aliokula mara ya mwisho, na dawa alizotumia. Mpe muuguzi kabla ya sindano. Tunasema kabla, kwa sababu dawa ikishadungwa hairudi, na ikishatengenezwa haiwekwi akiba kwa ajili ya kesho. Ikiwa mgonjwa alifanya kazi nzito, sema wazi. Huenda daktari akaahirisha, huenda akaendelea na kuandika maelezo hayo ili msomaji wa picha ayazingatie. Vyovyote vile ni bora kuliko kunyamaza. Tangu sindano hadi siku ya majibu, picha itasomwa na mtu ambaye pengine hatamuona mgonjwa kwa macho yake. Hajui kama huyu ni fundi, mkulima, au bibi aliyetoka kwenye shughuli. Atajua kile tu alichoambiwa.

Baada ya kipimo mgonjwa aendelee kunywa maji na kwenda haja ndogo mara kwa mara, akae chini anapokojoa ili isiruke, amwage maji ya kutosha na kunawa mikono kwa sabuni. Kwa saa kadhaa asipakate watoto wachanga wala kukaa karibu sana na wajawazito, na mama anayenyonyesha apate maelekezo maalumu ya hospitali. Hali hii ni ya muda. Kwa kuwa nguvu ya dawa hupungua kwa nusu kila dakika 110, baada ya saa 11 hubaki sehemu moja tu kati ya 64, mbali na ile iliyotoka kwa mkojo.

YALIYOMPATA MAMA

Msomaji wetu ametueleza pia mwisho wa kisa chake. Daktari alishauri kipimo kirudiwe. Ndugu walinung'unika juu ya fedha, lakini wakachanga tena. Safari hii mama alifika siku mbili kabla, akakatazwa hata kukunja nguo zake, na siku ya kipimo akafunikwa shali akanyamaza saa nzima. Mabega na mikono vikawa kimya kwenye picha. Ikaonekana alama moja tu, ndogo, ndani ya kwapa, ambayo mara ya kwanza ilikuwa imemezwa na misuli iliyoizunguka. Ilipochukuliwa kinyama ikathibitika kuwa ni tezi lenye ugonjwa. Mama yuko kwenye matibabu hivi sasa.

Ndugu msomaji, tazama jinsi familia hii ilivyokuwa imekosea mara mbili kwa picha moja. Walililia mabega ambayo hayakuwa na kitu, na hawakujua lolote juu ya kwapa lililokuwa na kitu. Kama yule aliyesema mama arudishwe nyumbani angesikilizwa, tezi lile lingebaki linakua. Kilichowatenganisha na hasara hiyo ni swali moja la daktari: jana ulifanya kazi gani?

Basi tusisubiri mpaka tuulizwe. Kuutunza mwili ni amana, na kutoa habari zake kwa ukweli mbele ya mganga ni katika kuitunza amana hiyo. Ukiwa na mgonjwa wa kipimo hiki, mwondolee mchi, mbuzi na ndoo, na uyaseme yote kabla ya sindano.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote.